Waja leo, waondoka leo: mwanasayansi kwenye shamba la jirani

Nina jirani hapa Chumbageni, Tanga, mzee wa makamo ya miaka sabini, aliyeishi zaidi ya miaka thelathini kwa kupasua mbu. Sisemi kuua, nasema kupasua. Kazi yake ilikuwa vijiji vya Muheza. Kila asubuhi analetewa mbu jike waliokamatwa usiku, anamlaza mmoja mmoja kwenye kioo chenye tone la maji, anavuta ncha ya tumbo kwa sindano mbili mpaka ovari zinatoka, halafu anainamia hadubini kutazama vijirija vya hewa vilivyozizunguka. Vikiwa bado vimejikunja, mbu huyo hajawahi kutaga. Vikiwa vimenyooka, ameshataga, maana yake ameishi siku kadhaa, na huyo ndiye wa kuogopwa, kwa sababu vimelea vya malaria huhitaji kama siku kumi hivi ndani ya mwili wa mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Mbu kijana anakera tu. Mbu mzee ndiye anayeua.

Sasa amestaafu, na habari za mbu hataki kuzisikia. Siku hizi ni silikanti, samaki wa kale wa vilindini. Ukikutana naye dukani umekwenda kununua sukari, atakushika mkono akuulize kama unajua kwamba yule samaki fuvu lake limekatika katikati likaunganishwa kama bawaba. Unajua kwamba hatagi, anazaa? Unajua kwamba mapezi yake yamekaa juu ya vishina vya nyama kama vijikono? Mwaka 2021, watafiti wa Ufaransa walipotoa matokeo yao kuhusu umri wa silikanti, mzee alinigongea mlango saa mbili usiku, simu mkononi, kandambili mguu mmoja. Kabla ya hapo ilidhaniwa samaki huyu huishi miaka kama 20. Wale watafiti wakayatazama magamba kwa mwanga uliochujwa kwa namna yake, wakaona miduara myembamba sana ambayo waliotangulia hawakuiona, wakahesabu upya: anakaribia miaka 100, na mimba yake huchukua kama miaka mitano.

"Miduara ilikuwepo siku zote," akaniambia. "Kilichokosekana ni taa."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta umri wa mdudu mahali ambapo mwingine angeona uchafu tu, ameona wenzake wanafanya kazi ileile juu ya samaki. Ni kama mtu wa Pangani amesikia lafudhi ya kwao kwenye kituo cha basi cha ugenini.

Siku moja asubuhi nikamsindikiza soko la samaki la Deep Sea. Mnada ulikuwa umeshachangamka, vibua na changu vimemwagwa sakafuni, watu wanatajiana bei kwa vidole. Yeye hakuwa na haja na mnada. Alikwenda moja kwa moja kwa mvuvi mmoja aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anashona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za bahari?"

"Bahari nzuri. Riziki ndiyo ya kuchungulia."

Mzee akaanza. Alikuwa na nadharia yake, na ilikuwa nzuri kuisikiliza. Silikanti wa kwanza kuthibitika Tanzania alinaswa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003. Kuanzia 2004 wakaanza kunaswa huku Tanga, hasa upande wa Kigombe, mmoja baada ya mwingine, makumi. Kwa nini ghafla? Mzee aliamini kwamba wakati wa bamvua maji ya baridi hupanda kutoka vilindini na samaki huyafuata juu. Akaeleza mikondo, akaeleza pepo za kusi na kaskazi, mikono inakwenda hewani. Mvuvi alimwacha amalize. Hakuinua macho kwenye wavu.

"Mzee wangu, yule samaki hakupanda. Jarife ndilo lililoshuka."

Akaeleza kwa maneno machache. Samaki wa karibu walipopungua, watu wa papa wakazidi kusogeza jarife zao, zile nyavu za papa, nje, mpaka kwenye mteremko ambako mwamba unaingia kilindini. Huko ndiko walikomkuta huyo wa buluu mwenye madoa meupe, na hawakufurahi kumwona. Nyama yake imejaa mafuta, ukiila inakuendesha tumbo. "Hata paka anamnusa, anapita."

Mzee alinyamaza kama dakika nzima. Kisha akatoa daftari dogo mfuko wa shati, akaandika. Nimeufikiria sana ukimya ule, na ndio ulionifanya niandike makala hii.

Wanasayansi wana tabia ambayo sisi wengine hatuizungumzii: wanapenda kupindukia sayansi za wenzao. Mkae na mwanafizikia jioni, atakusimulia nyuki. Mtu wa nyuki atakusimulia nyota. Daktari wa mifupa anajua majina ya dinosaria kuliko mwanawe wa darasa la tatu. Na furaha yao huko ugenini huwa kubwa kuliko nyumbani, jambo linaloweza kukushangaza mpaka ukumbuke kwamba fani ya jirani unaiona ikiwa imevaa nguo za Idi. Ya kwako unaijua ikiwa na kanga ya kufulia. Unajua usiku wa kuhesabu upya kwa sababu namba hazikukaa sawa, unajua fomu za kuomba fedha, unajua mabingwa wawili wasiosalimiana tangu warsha ya mwaka fulani. Ya jirani inakufikia ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa, unakuta pilau tu, moshi wa jikoni huuoni.

Sioni ubaya wowote hapo. Nina shaka na mtaalamu asiye na hamu ya kitu chochote nje ya kibanda chake. Swali langu ni la pili: mgeni huyu akishakula pilau, anafanya nini?

Tanga tuna msemo wetu, waja leo, waondoka leo. Watu wa nje huutafsiri wapendavyo, na wengi huamini ni onyo kwamba ukilala siku moja hapa hutatamani kurudi kwenu. Pia tuna methali ya Waswahili wote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika sayansi, naona mambo yote yamekaa kwenye siku hiyo ya tatu. Mwenye kuja leo akaondoka leo, akabaki na hadithi nzuri ya kusimulia barazani, hana madhara, mwacheni afurahi. Mwenye kukaa akashika jembe anaweza kuigeuza fani nzima. Wa hatari ni yule anayekaa, anakula, jembe hashiki, na bado anataka kugawa mashamba.

Silikanti mwenyewe ni ushahidi wa aina ya pili, na huenda hili ndilo linalomfurahisha jirani yangu ingawa hajawahi kulisema. Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi iitwayo Nerine, nahodha wake Hendrik Goosen, iliingia bandari ya East London, Afrika Kusini. Msimamizi wa makumbusho ndogo ya mji ule, Marjorie Courtenay-Latimer, aliitwa kutazama kama kuna kitu cha maana katika mavuno. Chini ya lundo akaona pezi la buluu. Aliondoa samaki mmoja mmoja mpaka akamfikia mwenyewe, karibu urefu wa mtu. Dereva wa teksi alikataa kumpakia kwanza. Chumba cha maiti kilikataa kumhifadhi. Joto la Desemba huko kusini unalijua, samaki akaanza kuharibika, viungo vya ndani vikatupwa ili ngozi iokolewe. Alichobakiwa nacho dada yule ni ngozi, fuvu, na mchoro alioupiga kwa mkono akautuma kwa barua kwa mtu mmoja aliyejua samaki.

Mtu huyo, J. L. B. Smith, alikuwa mhadhiri wa kemia.

Barua ilimkuta mapumzikoni Knysna tarehe 3 Januari 1939. Alipoutazama mchoro alimwona mnyama aliyejulikana kwa mabaki ya mawe tu, aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria, miaka kama milioni 66 iliyopita. Jiweke mahali pake. Wewe ni mwalimu wa kemia katika chuo cha mji mdogo. Ukisema ni yeye, na ukakosea, utachekwa na mabingwa wa samaki wa dunia nzima, na mabingwa wa kemia nao watakuuliza ulikwenda kutafuta nini huko. Alipofika kumwona kwa macho yake tarehe 16 Februari, hakusita tena. Akampa jina la kisayansi, Latimeria chalumnae, la kwanza kwa heshima ya yule dada, la pili kwa heshima ya mto Chalumna ambao karibu na mdomo wake samaki alinaswa.

Mtu anaweza kuisikia hadithi hii akadhani ni ya bahati: mkemia mwenye mapenzi ya samaki akaangukiwa na samaki wa karne. Mbona barua haikutumwa kwa mkemia mwingine? Kwa sababu Smith alikuwa ameshalima miaka mingi kabla. Alivua tangu utotoni, akajifundisha kuainisha, akawa ndiye anayezisaidia makumbusho za pwani kutambua samaki waliowashinda. Na baada ya 1939 jembe likawa zito zaidi. Alitaka samaki wa pili, mzima, mwenye matumbo yake. Akachapisha vipeperushi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, vyenye picha na ahadi ya pauni 100, vikasambazwa pwani yote ya Afrika Mashariki na visiwani. Akaiacha kemia kabisa. Miaka 14 ilipita. Desemba 1952, huko Anjouan, Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah akamvua, samaki akapelekwa sokoni kama samaki yeyote, na huko ndiko alikotambuliwa kuwa ni yule wa kwenye kipeperushi. Taarifa zikapitia kwa nahodha mfanyabiashara, Eric Hunt, mpaka kwa Smith, naye akamwomba Waziri Mkuu Malan ndege ya jeshi ya kwenda kumchukua. Inasemekana alilia alipomwona, na mimi ninaamini.

Wakomoro wala hawakushangaa. Walikuwa na jina lake tayari, gombessa, na sababu zao za kutompenda, zilezile za paka wa Deep Sea.

Hapo pana jambo ambalo wachambuzi wa sayansi hulipita mbio. Tukisema fani ya jirani, tunafikiria idara nyingine ya chuo, mlango wa pili ukumbini. Jirani wa kweli mara nyingi hana idara. Ana ndoo iliyopinduliwa na wavu. Au ana friji ya aiskrimu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, huko Lushoto, mkoa wetu huuhuu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akayaingiza yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka baridi. Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa mjini Tanga, alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko wa moto makusudi ili ugande upesi, na Mpemba akakuta wauza aiskrimu wengine wa mjini wanafanya vivyo hivyo. Yaani kabla ya jarida lolote la fizikia, jambo hili lilikuwa ujuzi wa biashara kwenye mitaa ya Tanga, na aliyekuwa nao hakuona kama ni miujiza. Alikuwa anaokoa muda.

Kidato cha tano Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likachukua neno, akikosea hesabu wanamwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba. Halafu akaja mgeni kutoa mhadhara, Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Mpemba akanyoosha mkono. Maji ya kipimo kimoja, vyombo vya aina moja, moja nyuzi 35 na jingine nyuzi 100, kwa nini la nyuzi 100 linatangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alisema atakwenda kujaribu. Maabara ya Dar es Salaam ikajaribu, fundi akaleta habari kwamba kweli la moto limetangulia, ila akaahidi wataendelea kurudia jaribio mpaka lipatikane jibu sahihi. (Sijui kama fundi yule alijua alichokisema. Nimefanya kazi na watu wengi wa aina yake, wengine wana shahada tatu.)

Makala ya Mpemba na Osborne ikatoka mwaka 1969. Wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori, Mweka, Moshi, akijifunza mambo ya tembo na nyati, na kazi yake ya maisha ikawa hiyo. Jina lake likabaki kwenye fizikia, fani ambayo hakuifanyia kazi hata mwaka mmoja. Na wanafizikia hawajamaliza nalo: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo vya maji wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha, mwaka 2020 wengine wakaonyesha jambo la namna hiyo kwa chembe ndogo sana ndani ya maji, kwa vipimo vya uhakika. Ugomvi unaendelea, na ni ugomvi mzuri.

Hadithi hii hupenda kusimuliwa kama ya mwalimu mbaya na mwanafunzi shujaa. Mimi namwonea huruma kidogo yule mwalimu. Alikuwa analinda mlango. Kila fani ina mlinzi, na kwa kila Mpemba mmoja kuna watu mia wanaopiga hodi wakiwa na mashine ya kutoa umeme bila kula chochote. Kosa lake ni kwamba alimpima mgeni kwa sare badala ya kumwambia: haya, friji hii hapa, tia vyombo viwili.

Kuna wengine waliopita hapa kwetu. Ua la urujuani linalopambwa madirishani Ulaya nzima lilitoka kwenye misitu ya Usambara, na aliyelipeleka mwaka 1892 alikuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ambaye pia aliandika kitabu cha kufundisha Kiswahili. Huyo kwa botania alikuwa mgeni wa siku mbili. Alituma kwa baba yake, likamfikia mtaalamu wa bustani Hermann Wendland, naye akaliainisha mwaka 1893 na kulipa jina la familia ile, Saintpaulia. Wasambaa waliokuwa wakilipita kila siku kwenye miamba hawakuombwa maoni juu ya jina.

Sasa niseme juu ya ubishi, maana nimesifu ukimya wa jirani yangu kiasi kwamba mtu atadhani nataka wageni wote wawe wanyenyekevu. Luis Alvarez alipata Nobel ya fizikia mwaka 1968. Mwanawe Walter alikuwa mwanajiolojia, akamletea udongo mwembamba kutoka Gubbio, Italia, uliolala kwenye mpaka wa zama za dinosaria na zama zilizofuata. Luis na wanakemia wawili wa nyuklia, Frank Asaro na Helen Michel, wakapima wakakuta iridiamu, metali adimu ardhini, imezidi mara 30 hivi. Mwaka 1980 wakatangaza: kimondo kikubwa kiligonga dunia. Wataalamu wa visukuku wengi walikasirika, na Alvarez hakuwa mpole, alisema hadharani kwamba watu hao wanafanana na wakusanya stempu. Kauli ya kishenzi. Lakini alikuwa amekuja na kipimo ambacho wenye shamba hawakuwa nacho, na kipimo kiliweza kurudiwa na mtu anayemchukia. Kilirudiwa, mahali pengi. Mwaka 1991 shimo lenyewe likatambuliwa Chicxulub, Mexico. Jembe lililima, mdomo tunausamehe.

Alfred Wegener naye alikuwa mtu wa hali ya hewa. Mwaka 1912 aliwaambia wanajiolojia kwamba mabara yalikuwa yameshikana yakaachana, Madagaska na pwani hii yetu zikiwamo. Alileta ushahidi wa miamba na wa visukuku, ila hakuweza kusema ni nguvu gani iliyasukuma. Wenyeji wakamkatalia mpaka miaka ya 1960, yeye akiwa ameshakufa zamani kwenye barafu ya Greenland. Hapo wenyeji hawakuwa wajinga kama wanavyosimuliwa. Waliuliza swali la haki, na jibu lake lilipatikana chini ya bahari, kwa vyombo ambavyo Wegener hakuwa navyo.

Aina ya tatu sasa. Linus Pauling ana Nobel mbili, ya kemia ya 1954 na ya amani ya 1962, zote hakugawana na mtu. Mwaka 1970 alianza kuwaambia watu wameze vitamini C kwa gramu kuzuia mafua, baadaye akasema inasaidia hata saratani. Hospitali ya Mayo, Marekani, ilijaribu kwa utaratibu wa kitabibu, matokeo yakatoka 1979 na 1985: hakuna faida. Yeye akalaumu majaribio. Nusu ya wanaomeza vidonge vya machungwa hapa Tanga wakisikia baridi ya Juni hawajui wanamsikiliza mkemia.

Na Watanzania hatuhitaji kwenda mbali, tunalikumbuka papai. Mei 2020 Rais John Magufuli, ambaye shahada yake ya uzamivu ilikuwa ya kemia, alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina virusi vya korona. Waliocheka walicheka, waliopiga makofi walipiga makofi. Mimi nasema wazo la kutega sampuli ni wazo la mkemia aliyefundishwa vizuri, ndivyo maabara inavyopimwa. Ila siku ya tatu haikufika. Jaribio la namna ile linatakiwa kurudiwa, sampuli zigawanywe kwa maabara nyingine, na wenye kipimo waitwe waulizwe nini kimetokea. Lilitangazwa kwenye hotuba, mjadala ukafungwa siku hiyohiyo. Tukabaki na papai, jibu hatukubaki nalo.

Njia yenyewe ya kupima virusi hivyo, iitwayo PCR, ilibuniwa mwaka 1983 na Kary Mullis, akapewa Nobel ya kemia mwaka 1993. Huyohuyo, mtu wa kemia ya DNA, alitumia jina lake kukana kwamba VVU husababisha Ukimwi. Watu wa mawazo hayo walipata masikio ya Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini, na mwaka 2000 baadhi yao wakaketi kwenye jopo lake la ushauri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba kuchelewesha dawa huko kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Mgeni wa siku ya tatu asiyeshika jembe hana gharama ndogo.

Tatizo la kina Pauling na Mullis silioni kwenye udadisi wao, ambao ndio uliowapa walichokipata kwanza. Linaanzia kwenye cheo. Mtu akishaitwa profesa, cheo hakibaki kwenye kemia, kinamfuata sokoni, msikitini, harusini. Akisema neno juu ya samaki tunaandika, akisema juu ya siasa tunaandika. Baada ya muda na yeye anaanza kuamini kwamba anachokijua ni kila kitu, kumbe alichobobea ni kitu kimoja na kwenye vingine vyote ni mtu wa barazani kama sisi. Jirani yangu ameponea hapo kwa sababu mvuvi hakumwita daktari. Alimwita mzee wangu, heshima ya umri, ambayo kwa desturi yetu haimzuii mdogo kukuambia umekosea, mradi asikuangalie machoni.

Huwa najiuliza kwa nini vijana wetu hawana uchangamfu huu wa mzee wa mbu, na sidhani ni uvivu wao. Tunawagawa mapema mno. Kijana wa miaka kumi na saba anaambiwa wewe ni PCB, wa fizikia, kemia na biolojia, wewe ni PCM, wa fizikia, kemia na hisabati, wewe ni HKL, wa historia, Kiswahili na Kiingereza, na kuanzia hapo kombi inakuwa kabila. Nimemsikia msichana hodari, mwaka wa pili wa chuo, akisema historia "siyo ya kwetu sisi PCB", kana kwamba amekatazwa na daktari. Mpemba aliyeruka kutoka kwenye maziwa kwenda kwenye fizikia kwenda kwenye nyati asingejua ajaze nini kwenye fomu.

Wiki mbili baada ya siku ile ya Deep Sea, mvuvi alimtumia mzee salamu: kama anataka kujua mteremko uko wapi, Alhamisi saa kumi alfajiri awe ufukweni, watatoka watu wa mshipi. Mkewe alimkataza. Watoto walipiga simu kutoka Dar es Salaam. Akaenda, na sweta, na chupa ya chai ya tangawizi.

Alirudi saa tano asubuhi kijani kama mtini, ametapika mara mbili, suruali ina chumvi mpaka magotini. Chai walikunywa wavuvi. Nilikuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake, daftari limelowa, anatenganisha kurasa kwa ncha ya kisu cha jikoni, polepole, kama alivyokuwa akivuta ovari za mbu. Nje ya mwamba nahodha alikuwa amemshushia bildi, risasi ya kupimia kina, ili ahesabu mwenyewe kamba ikipita mkononi, pima moja, pima mbili. Ukurasa mmoja ulikuwa na alama za kalamu ya risasi, vijiti vitano vitano, mpaka pima arobaini na mbili. Baada ya hapo wino wa bahari tu.

"Hapa ndipo nilipotapika," akasema, akaweka kidole. "Itabidi nirudie."